Unasubiri Nini? Kuunda Kompyuta ya Mwandishi wa Programu (Sehemu ya 2)

Wiki iliyopita nilieleza kazi ya kila kifaa kilichomo ndani ya kasha la kompyuta. Leo tunaingia sokoni. Ila kabla ya sokoni tupitie Tabata, nyumbani kwa mpwa wangu, maana ndiko yalikozaliwa makala haya.

Kijana huyu hurekebisha Android kwa ajili ya zile mashine ndogo za kulipia kwa kadi zinazokaa kaunta za maduka na vituo vya mafuta. Haandiki programu ya simu tu. Anachukua mfumo mzima, msimbo wake wote, anabadilisha panapotakiwa, kisha anaujenga upya. Kwa miaka mitatu kazi hiyo imefanywa na laptopu moja ambayo sasa inapiga kelele kama cherehani. Mwishowe mwajiri wake akatoa fedha za mashine ya mezani, tena si haba, naye akanijia Jumamosi asubuhi na orodha kwenye simu.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Haya, nione."

Orodha ilianza na kadi ya grafiki iliyokula karibu nusu ya fedha zote. Likafuata kasha la kioo lenye feni saba za taa za rangi. RAM ilikuwa gigabaiti 32. UPS, yaani betri ya kushika umeme unapokatika, haikuwamo kabisa.

Nikamuuliza: kutwa nzima, wewe unasubiri nini? Akacheka, akidhani namtania. Nikampa karatasi, nikamwambia Jumatatu akae na kalamu pembeni. Kila mikono yake itakapoondoka kwenye kibodi kwa sababu mashine haijamaliza jambo, aandike muda na sababu.

Alirudi na karatasi imejaa pande zote mbili. Kujenga mfumo mzima kulichukua saa tano na nusu, na jaribio la kwanza lilikufa njiani kwa kukosa kumbukumbu. Kujenga vile vipande alivyovigusa tu: dakika 9, mara 11 kwa siku. Kufungua mradi kwenye kihariri: dakika 4. Kupakia mfumo mpya kwenye mashine ya kulipia: dakika 3, na hizi hakuna kompyuta ya bei yoyote itakayozipunguza, kwa kuwa kizuizi ni mlango wa USB wa mashine yenyewe. Kadi ya grafiki haikutajwa hata mara moja.

Karatasi ile ndiyo iliyotuongoza sokoni. Nasema hivi kwa sababu ushauri mwingi wa vifaa unaozunguka duniani umeandikwa na wacheza michezo ya kompyuta kwa ajili ya wenzao. Wao wanasubiri picha; mwandishi wa programu anasubiri jibu la kompaila. Ni watu wawili wenye njaa mbili tofauti, na mara nyingi huletewa sahani moja.

Jambo la kwanza halikugharimu kitu. Ipo programu ya bure iitwayo ccache, inayokumbuka vipande vya C na C++ vilivyokwisha kukompailiwa ili visirudiwe bure. Tuliiwasha kwenye ile laptopu ya zamani, na zile dakika 9 zikawa 6. Kwa wanaotumia Windows, kuna wanaokesha wakilaumu prosesa kumbe programu ya kuzuia virusi inalikagua kila faili dogo linalozaliwa wakati wa ujenzi. Na wale wanaoendesha Linux ndani ya Windows huku mafaili yao yakikaa upande wa Windows, wayahamishie upande wa Linux kwanza, halafu ndipo waulize bei ya mashine mpya.

Sasa prosesa. Hapa ndipo wauzaji hupata kula, kwa kuwa idadi ya viini ni namba rahisi kuisifia: 16 ni bora kuliko 8, na 64 ni bora kuliko 16. Fikiria pilau ya harusi. Ukiwa na watu kumi wa kumenya vitunguu na kuchambua mchele, kazi inakwenda haraka kuliko ukiwa na wawili. Lakini sufuria ikishafunikwa na kupaliwa makaa, hata ukiwaita akina mama wa mtaa mzima wali hautaiva upesi zaidi. Gene Amdahl, mhandisi Mmarekani, alilisema jambo hilo kwa upande wa kompyuta mwaka 1967, na mpaka leo halijatanguka: sehemu ya kazi isiyogawanyika ndiyo inayoweka mpaka.

Tufanye hesabu. Kazi inachukua dakika 100 kwenye kiini kimoja, na dakika 10 kati ya hizo hazigawanyiki, kwa mfano ule wakati wa mwisho wa kuunganisha vipande vyote kuwa programu moja. Kwa viini 16, zile dakika 90 zinashuka hadi chini kidogo ya 6, jumla kama 15 na nusu. Kwa viini 64, jumla ni dakika 11 na kidogo. Umeongeza viini mara nne, umeokoa dakika nne. Prosesa ya AMD ya viini 16, Ryzen 9 9950X, ilipotoka mwaka 2024 ilitangazwa kwa dola 649. Threadripper 7980X ya viini 64 iliyotoka 2023 ilitangazwa kwa dola 4,999. Na hapo hujanunua ubao mama wake, ambao nao una bei ya peke yake.

Wenye Android yao wanalijua hili. Katika maelekezo yao kwa wajenzi wa mfumo huo, Google wamewahi kueleza kwamba mashine yao ya viini 72 huujenga wote kwa takriban dakika 40, ilhali ya viini 6 huchukua kama saa 6. Angalia vizuri: viini vimeongezeka mara 12, kasi imeongezeka mara 9. Ile tofauti ndiyo sufuria iliyopaliwa makaa.

Simaanishi kwamba prosesa kubwa ni ubadhirifu. Mei 2020 Linus Torvalds, mwasisi wa Linux, aliiacha Intel kwenye kompyuta yake ya mezani baada ya miaka kama 15, akachukua Threadripper 3970X ya viini 32, na akaeleza kuwa majaribio yake makubwa ya kukompaili yamekwenda mara tatu ya zamani. Ila yeye anapokea mabadiliko ya msimbo kutoka duniani kote na kuyajenga mchana kutwa. Mpwa wangu hujenga mfumo mzima mara moja au mbili kwa juma. Siku zilizobaki anasubiri zile dakika 9, ambazo sehemu kubwa hutegemea wepesi wa kiini kimoja kimoja kuliko wingi wake. Tukatua kwenye 9950X, ile ya viini 16.

Muuzaji mmoja alitushawishi tufuate njia nyingine, na sitaidharau. Katika maduka yetu zimejaa mashine kubwa zilizostaafu maofisini Ulaya na Ghuba, nyingi zikipitia Dubai: HP Z840, Dell Precision za aina yake, zenye prosesa mbili za Xeon na nafasi 16 za RAM. Ukiweka Xeon E5-2699 v4 mbili unapata viini 44 kwa bei ya laptopu ya kawaida. Kwa mwanafunzi au kampuni changa yenye kazi inayogawanyika vizuri, hiyo ni nyama nyingi kwa fedha kidogo. Lakini prosesa hizo ni za mwaka 2016, kiini kimoja kinakwenda polepole, Windows 11 haizitambui rasmi, na mashine nzima inakunywa umeme hata ikiwa imekaa tu. Kama mpwa wangu angekuwa anajilipia mwenyewe, huenda ningemwambia achukue.

Tufike kwenye RAM, ambayo ndiyo iliyoua jaribio lake la kwanza.

Watu hununua viini bila kukumbuka kwamba kila kiini kinachofanya kazi kinahitaji meza yake. Prosesa yenye viini 16 vya aina hii huendesha kazi 32 kwa wakati mmoja. Katika miradi mizito ya C++, kazi moja ya kukompaili inaweza kula gigabaiti 2 bila aibu. Zidisha: 64. Google nao wanataka gigabaiti zisizopungua 64 kwa anayeujenga mfumo mzima wa Android. Ukiwa na 32, mashine huanza kuazima nafasi kwenye diski, na ile prosesa uliyoilipia mamilioni inakaa kama fundi mashuhuri anayesubiri kibarua alete matofali moja moja. Kwa hiyo gigabaiti 32 za orodha ya kwanza zilikuwa kosa kubwa kuliko kadi ya grafiki, ingawa halikuonekana.

Hapa kuna mtego. Ubao mama una nafasi nne, na mkono unawasha kuzijaza zote. Kwa Ryzen za kizazi hiki, AMD yenyewe inaahidi kasi ya 5600 ukiweka vijiti viwili vya DDR5, lakini ukiweka vinne ahadi inashuka hadi 3600. Wapo wanaobahatika kupata zaidi, lakini mashine ya kazi haijengwi kwa bahati. Ni heri vijiti viwili vikubwa: viwili vya gigabaiti 48 vinakupa 96, kasi imebaki na nafasi imetosha. Fedha zilizoondolewa kwenye kadi ya grafiki zilikwenda hapo, na zote zilihitajika, maana tangu mwishoni mwa 2025 bei ya RAM imepaa baada ya viwanda kukimbilia kumbukumbu za mashine za akili unde.

Mtego wa pili ni wa kimya zaidi. RAM hukosea. Biti moja iliyokuwa sifuri inageuka kuwa moja, kwa joto, kwa uchakavu wa kijiti, au kwa chembe iliyopita kutoka angani. Utafiti uliofanywa kwenye seva za Google na kuchapishwa mwaka 2009, ukiongozwa na Bianca Schroeder wa Chuo Kikuu cha Toronto, ulikuta zaidi ya asilimia 8 ya vijiti vya RAM vikipata kosa ndani ya mwaka. Kwenye seva kosa hilo hunaswa na RAM ya aina ya ECC, inayobeba biti za ziada za kukagua na kusahihisha. Kompyuta nyingi za nyumbani hazina. DDR5 zote hujisahihisha ndani ya chipu, na wauzaji hulisema hilo kama vile yamekwisha, lakini njia ya kutoka kwenye chipu hadi kwenye prosesa inabaki bila mlinzi.

Torvalds amekuwa akililalamikia jambo hili kwa miaka. Oktoba 2022, wakati anapokea msimbo wa toleo jipya la Linux, mashine yake ile ya viini 32 ilianza kuharibu mambo ovyo. Alipoichunguza alikuta kijiti kimoja cha RAM kimeharibika, nacho hakikuwa cha ECC. Ikabidi kazi aiendeleze kwenye laptopu kwa muda.

Mpwa wangu aliniuliza kama haya yanamhusu mtu wa Tabata. Nikamwambia afikirie mfumo wa mashine ya kulipia ambao biti moja yake imegeuka kabla haujatiwa saini ya kidijiti. Saini itawekwa juu ya kosa, kwa ufunguo halali kabisa, na kila mashine nchini itaupokea kwa mikono miwili. Alinyamaza kidogo, akafuta mstari wa kasha la kioo.

Ukitaka ECC kwenye Ryzen, soma maelezo ya ubao mama mpaka uone imeandikwa kwamba unaikubali, maana si kila mmoja unaikubali. Tena usidanganywe na "RAM za seva" za bei poa: nyingi ni za aina ya RDIMM, ambazo haziingii kabisa kwenye nafasi za mashine hizi.

Diski haikutuchukua muda. NVMe za PCIe 4.0 hufika megabaiti 7,000 kwa sekunde, za PCIe 5.0 zinakaribia mara mbili yake, na kwa mwandishi wa programu tofauti hiyo ni ya kwenye boksi zaidi kuliko mezani. Ujenzi wa programu ni kusoma na kuandika mafaili madogo kwa malaki, na RAM ikiwa ya kutosha Linux huyaweka humo yaliyokwisha kusomwa. Cha kuangalia ni aina ya chipu: TLC badala ya QLC, ambayo ikishajaza kache yake ya haraka hupunguza mwendo ghafla. Ukubwa nao uwe wa kweli. Msimbo wa Android peke yake unataka gigabaiti 250, na ujenzi wake 150 nyingine, kwa hiyo terabaiti 2 si anasa kwa mtu mwenye matoleo mawili matatu. Ukinunua kwa muuzaji usiyemjua, pitisha programu iitwayo F3 kabla hujaweka kitu. Itakwambia kama terabaiti zilizoandikwa juu ndizo zilizomo ndani.

Halafu joto. Vipimo vingi vya vipozeo tunavyovisoma vimefanywa katika vyumba vyenye nyuzi ishirini na kitu. Kipozeo hakishushi joto chini ya lile la chumba. Kinachopimwa ni nyuzi ngapi prosesa inazidi chumba. Kama tofauti ni 55, chumba cha nyuzi 20 cha Berlin kinakupa 75, na chumba cha nyuzi 32 cha Tabata mwezi wa pili kinakupa 87. Kikomo cha prosesa hii ni 95. Dawa ya bei nafuu ni kuipunguzia chakula: 9950X imeandikiwa wati 170 na huweza kufika 200, lakini kwenye mipangilio ya ubao mama unaweza kuifunga kwenye hali ya wati 105, ukapoteza kasi kidogo tu huku joto na kelele vikishuka sana. Nilichagua kipozeo cha hewa, lichuma kubwa lenye feni mbili. Vile vya maji ni vizuri, lakini pampu ikifa hapa kwetu utasubiri mpya isafiri, ilhali feni nitaipata Kariakoo jioni hiyohiyo. Kasha tulichukua la bati lenye matundu mbele na chujio la vumbi linalotoka kwa mkono.

Umeme nao sikuuacha nyuma. Kila anayefanya kazi nyumbani Dar es Salaam anajua sauti ya kimya kinachofuata feni ya dari inapoacha kuzunguka. Kwa mwenye saa moja ya ujenzi njiani, au hifadhidata iliyokuwa inaandika, UPS ni kifaa cha kompyuta kama prosesa ilivyo. Ila si UPS yoyote. Pawa saplai nzuri za leo zina saketi inayonyoosha namna zinavyovuta umeme, na baadhi hazipatani na UPS za bei rahisi zinazotoa wimbi la ngazi-ngazi: umeme ukikatika UPS inashika, na kompyuta inazima vilevile. Tafuta inayotoa wimbi laini. Pia soma wati, si VA. UPS ya VA 1,000 mara nyingi ni ya wati 600 tu.

Muda nao una hesabu yake. Betri mbili za volti 12 na ampea-saa 7 zina wati-saa 168 kwenye karatasi. Kwa mzigo wa wati 400 hiyo ni dakika 25, lakini betri ya risasi ikikamuliwa haraka haitoi yote, tegemea nusu. Hazipendi joto pia, kwa hiyo UPS isifichwe nyuma ya kabati. Tuliiweka sakafuni karibu na dirisha, tukaiunganisha kwa waya wa USB ili ikibaki na chaji kidogo iiambie Linux ijizime kwa adabu.

Na ile kadi ya grafiki? Ryzen hizi zina grafiki ndogo ndani yake inayotosha skrini mbili za maandishi. Angekuwa anafundisha au anaendesha mifumo ya akili unde ningeanzia huko, na ningetazama kumbukumbu ya kadi kabla ya kasi: mfumo wa vigezo bilioni 7 katika biti 16 unataka gigabaiti 14 kwa ajili ya vigezo peke yake. Kazi yake si hiyo. Mahali pa kadi pakabaki wazi, akiihitaji ataichomeka. Skrini, kiti na kibodi nimeviwekea wiki ijayo.

Tuliiunganisha Ijumaa jioni. Kabla ya kuweka mfumo wowote niliwasha Memtest86+, programu inayoipekua RAM yote, nikamwambia aiache mpaka asubuhi. Saa nane usiku simu ikalia.

"Mjomba samahani, umeme umekatika. Mashine bado inawaka."

"Dakika ngapi sasa?"

"Tisa. Bado hakuna kosa hata moja."

"Basi izime, ulale. Kesho utaanza upya."

Jumapili aliujenga mfumo mzima kwa saa moja na dakika 20. Jumatano akanitumia picha ya karatasi mpya, ameirudia ile kazi ya kalamu bila kuambiwa. Zile dakika 9 zimekuwa sekunde 50. Kufungua mradi hakumo tena. Mstari mrefu kuliko yote, ameuzungushia duara la wino mwekundu, ni ule wa dakika 3 za waya wa USB.